Nani Anailipia Barabara ya Kinyangiri?



Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, na siku hiyo simu za madereva hazipoi. Bei hutolewa mji kwa mji, wilaya kwa wilaya. Ukishuka na orodha hadi Mkoa wa Singida ukaufikia mstari wa Mkalama, utakuta lita ni ghali kuliko Dar es Salaam, kwa kuwa mafuta yamesafirishwa kutoka bandarini. Hilo halina mjadala, kila mtu analijua. Lakini ndani ya bei hiyo mna fungu ambalo si mafuta, si nauli ya lori la mafuta, wala si faida ya mwenye kituo. Ni fedha ya barabara. Ndiyo ninayotaka tuizungumze jioni ya leo, na naomba tuizungumze tukiwa tumesimama Kinyangiri. Kule bungeni Dodoma imeshazungumzwa vya kutosha.

Kwa asiyepajua, Kinyangiri ni kata katika Wilaya ya Mkalama, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, makao makuu yake Nduguti. Ni nchi ya Wanyiramba, na ndani ya wilaya hiyohiyo wapo Wanyisanzu na Wahadzabe. Watu wanalima alizeti, mtama, mahindi, na penye maji wanalima vitunguu. Lami wanaikuta Iguguno, kwenye barabara kuu inayotoka Singida kwenda Nzega hadi Mwanza. Ukiiacha barabara kuu, sehemu kubwa ya safari yako ni changarawe, udongo na mbuga nyeusi. Kiangazi mbuga hiyo inapasuka na kutoa vumbi, na masika inalishika tairi la pikipiki hadi dereva ashuke, atafute kijiti na kuanza kuchokonoa matope kwenye madigadi.

Petroli nayo inafika huko. Nyingine inafika kwa pampu, nyingine inafika kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyopangwa juu ya meza mbele ya duka. Ile ya kwenye chupa imeshalipiwa tozo kama ya kwenye pampu, kwa sababu tozo hukatwa mafuta yakiwa bado ya jumla, kabla muuzaji wa chupa hajayaona. Kwa hiyo hakuna mtu Kinyangiri anayekwepa. Hata bibi ambaye hajawahi kushika usukani wa chombo chochote analipa ndani ya nauli ya bodaboda, ndani ya bei ya sukari, na ndani ya punguzo ambalo mnunuzi wa alizeti anamkata kwenye gunia akisema, "Mama, barabara yenu mbaya, gari litaniharibikia."

Tuanze na sheria, maana fedha hii ina sheria yake. Sheria ya Ushuru wa Barabara na Mafuta ilitungwa mwaka 1985. Kwa miaka ya mwanzo kilichokusanywa kiliingia Hazina na kuchanganyika na mapato mengine yote, na barabara zikasubiri zamu nyuma ya mishahara, madeni na dharura. Mwaka 1991 Bunge likapitisha azimio la kuanzisha mfuko wa barabara. Wakati huo Benki ya Dunia ilikuwa inazihimiza nchi nyingi za Afrika zitenge fedha za matengenezo, baada ya kuona barabara zilizojengwa kwa mikopo zikifa kabla mikopo yenyewe haijalipwa. Azimio bila bodi halikuwa na meno. Mwaka 1998 sheria ikarekebishwa, Mfuko ukapata Bodi yake yenye wajumbe wa serikali na wa sekta binafsi, na mwaka 2000 kazi ikaanza rasmi. Julai ya mwaka huo ndipo ulipozaliwa Wakala wa Barabara, TANROADS.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo mazungumzo mengi ya vijiweni yanapopotea. Sheria hiyo inasema angalau asilimia 90 ya fedha za Mfuko zitumike kwa matengenezo na dharura. Kazi ya maendeleo, yaani kupandisha barabara hadhi, haipaswi kuzidi asilimia 10. Kwa maneno mengine, Mfuko wa Barabara haukuundwa ujenge lami mpya. Umeundwa ulinde barabara iliyopo isife. Lami mpya hutoka kwenye bajeti ya maendeleo na kwenye mikopo: Benki ya Maendeleo ya Afrika, Benki ya Dunia, na wengineo. Juni 2023 serikali ilitia saini mikataba ya barabara saba ambazo makandarasi walitakiwa watafute fedha wenyewe kwanza, kisha walipwe baadaye. Mojawapo ni ile ya kutoka Karatu, Mbulu, Haydom, kuvuka Mto Sibiti hadi Lalago na Maswa, na Sibiti ndio mpaka wa Mkalama na Meatu. Mpango huo wa fedha haukwenda kama ulivyosainiwa. Ila hata ungekwenda, usingekuwa na uhusiano na zile shilingi ulizokatwa kwenye lita yako.

Kwa hiyo mtu wa Kinyangiri anaposimama kwenye mkutano na kusema, "Tunalipa tozo kila siku, lami yetu iko wapi?", anampa mwanasiasa mlango wa kutokea. Mwanasiasa atajibu upembuzi yakinifu unaendelea, watu watapiga makofi, mkutano utaisha. Swali linalouma ni jingine: tozo yetu imechonga kilomita ngapi mwaka huu, na imefungua makalavati mangapi? Hilo halijibiwi kwa upembuzi yakinifu. Linajibiwa kwa namba.

Naomba mnivumilie kidogo kwenye habari ya kalavati, maana wengi tunaidharau kwa kuwa haina uzinduzi wala utepe wa kukata. Barabara ya udongo inakufa kwa maji kabla haijafa kwa magari. Inatakiwa iwe na mgongo katikati ili maji yakimbilie pembeni, mitaro iyapokee, na kalavati liyavushe. Mgongo ukiisha, maji hubaki katikati na kufuata njia za matairi. Mtaro ukijaa mchanga, maji hupanda barabarani. Kalavati likiziba, tuta linageuka bwawa, na bwawa hilo likipata mvua moja ya nguvu, zile za Singida zinazonyesha saa mbili tu lakini kwa hasira, linapasua tuta usiku na asubuhi mnakuta korongo. Kazi ambayo ingefanywa na vijana wanne wenye masepetu sasa inadai greda, malori ya kifusi na kalavati jipya. Mvua za El Niño za msimu wa 2023 na 2024 zilifanya hivyo nchi nzima, na fedha za matengenezo ya kawaida zikaliwa na dharura.

Halafu kuna suala la kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai. Fedha hazishuki zote tarehe moja, zinakuja kwa mafungu. Zabuni zinatangazwa kwenye mfumo, wazabuni wanashindanishwa, mikataba inasainiwa. Hapo mara nyingi tumeshafika Oktoba, na ukanda wetu una msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba. Mkandarasi anafika na greda mawingu yakiwa yameshatanda. Au anawahi, lakini anachonga udongo mkavu kabisa bila maji wala kushindilia, unapendeza kwa wiki mbili, kisha unapeperushwa kama unga. Sisemi ni wizi. Ni kalenda iliyopangwa na mtu asiyetazama mawingu ya Mkalama.

Turudi kwenye mgawanyo. Fedha za Mfuko zinagawanywa, kwa kukadiria, asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa zilizo chini ya TANROADS, na asilimia 30 kwa barabara za wilaya, zilizokuwa chini ya halmashauri na tangu Julai 2017 zikawa chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. TANROADS ina mtandao wa kilomita zaidi ya 36,000. TARURA ina zaidi ya kilomita 144,000. Ndiyo, umesikia sawasawa. Mwenye kilomita mara nne amepewa chini ya nusu ya alichopewa mwenzake.

Atakayetetea mgawanyo huo ana hoja, tusimnyime. Barabara kuu hubeba magari mengi zaidi na mazito zaidi. Malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo yanapita hapohapo Singida usiku na mchana. Na uzito una hesabu yake kali: majaribio yaliyofanywa jimboni Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba ekseli ikibeba uzito mara mbili, madhara kwa barabara hayawi mara mbili, yanakaribia mara 16. Ndiyo maana tuna mizani. Barabara kuu ikiachwa, uchumi wa nchi unasimama. Kweli kabisa. Lakini hesabu hiyohiyo inatuambia kwamba bodaboda ya Kinyangiri haiharibu barabara yoyote, si ya TANROADS wala ya TARURA, na bado inalipa kwa lita sawasawa na lori la tani 30.

Wabunge wa majimbo ya vijijini waliimba wimbo huu kwa miaka: TARURA iongezewe. Wakasikika mwaka 2021. Tarehe 10 Juni mwaka huo Waziri wa Fedha alisoma bajeti na kupendekeza tozo ya mafuta ipande shilingi 100 kwa lita, kutoka 313 hadi 413, nyongeza yote iende barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA. Waziri huyo alikuwa Dkt. Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi, jirani kabisa na Mkalama, mtu aliyekulia kwenye vumbi hilihili, na ambaye Novemba 2025 aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu. Watu walilalamikia zaidi tozo za miamala ya simu zilizokuja katika bajeti hiyohiyo. Ile ya mafuta ilipita kimyakimya, na mimi nakiri naiona kuwa ndiyo iliyokuwa na sababu nzuri kuliko zote. Ilisema inatoka wapi, ni kiasi gani, na inakwenda wapi.

Tangu hapo ukienda ofisi ya TARURA ya wilaya yoyote watakutajia mafungu matatu: Mfuko wa Barabara, shilingi milioni 500 za jimbo, na shilingi bilioni moja ya tozo kwa jimbo. Bajeti ya wakala huo kitaifa, kwa maelezo ya serikali yenyewe, ilipanda kutoka bilioni 275 hadi zaidi ya bilioni 700. Si jambo dogo. Kuna vijiji vimefunguliwa ambavyo gari lilikuwa halifiki masika.

Ila angalia hilo fungu la tozo kwa jimbo. Limegawanywa sawa kwa sawa. Jimbo la mjini ambalo unaweza kulivuka kwa miguu kabla jua halijawa kali linapata bilioni yake. Mkalama nzima, jimbo moja, kutoka Iguguno hadi Mto Sibiti, nayo inapata bilioni yake. Mgawanyo huu unampendeza kila mbunge, na ndiyo sababu ulipita bila kelele. Barabara haina kura, na mbunge ana kura. Ningekuwa na nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu kwenye tozo ya 2021, ningeondoa neno "jimbo" na kuweka neno "kilomita".

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi linanisumbua zaidi, na sijasikia likisemwa sana bungeni. Tozo inatozwa kwa lita. Tunadhani ni haki, kwamba anayetumia barabara zaidi anachoma mafuta zaidi, basi analipa zaidi. Hebu tufanye hesabu ya mfano. Chukua fuso lililobeba alizeti. Kwenye lami, tuseme linakwenda kilomita nne kwa lita. Kwa kilomita 100 litachoma lita 25, na tozo kwa shilingi 413 itakuwa shilingi 10,325. Sasa litie kwenye barabara ya mashimo, gia ya kwanza, gia ya pili, simama, kwepa korongo, rudi gia ya kwanza. Tuseme linakwenda kilomita mbili na nusu kwa lita. Kilomita 100 zinakula lita 40. Tozo ni shilingi 16,520. Safari ni ileile kwa urefu, gari ni lilelile, mzigo ni uleule. Aliyepita njia mbovu amelipa shilingi 6,195 zaidi kwa ajili ya barabara, na barabara yenyewe hana.

Na hapo sijaongeza ile shilingi 100 nyingine iliyowekwa kwenye petroli na dizeli mwaka 2023, ambayo ilielekezwa kwenye miradi ya kimkakati na si barabara za vijijini. Wala sijataja mchango wa umeme vijijini, nao umo ndani ya lita. Hiyo ya umeme angalau nguzo zake zinaonekana.

Zaidi ya hayo, kuna mafuta yasiyogusa barabara kabisa. Mashine ya kusaga ya dizeli haiendi popote. Pampu ya kumwagilia vitunguu imekaa kando ya korongo. Zote zinalipa tozo ya barabara. Mkulima akinunua dumu la lita 20 kwa pampu yake, shilingi 8,260 zimekwenda kwenye tozo ya barabara kwa kazi ya kunyanyua maji. Huko nje ziko nchi ambazo mkulima hupewa mafuta ya rangi tofauti yenye kodi ndogo. Kwetu ni vigumu, maana tunaukumbuka uchakachuaji: mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo, yalimwagwa kwenye dizeli hadi injini zikafa, na mwaka 2011 serikali ikaamua kuipandisha kodi ya mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400 na ushee kwa lita ili tamaa hiyo iishe. Waliokuwa wanachakachua walikuwa wafanyabiashara. Walioumia walikuwa wenye vibatari.

Msamaha kwa wakubwa, lakini, uliwezekana. Kampuni kubwa za migodi ya dhahabu zilipewa kwenye mikataba yao unafuu wa tozo ya mafuta kwa miaka mingi, kwa hoja ileile kwamba mitambo yao haitembei barabarani. Kamati iliyoongozwa na Jaji Mark Bomani ilipotoa ripoti yake mwaka 2008 ilipendekeza unafuu huo uondolewe. Mimi sina ugomvi na pendekezo hilo. Nauliza tu: hoja ya kwamba mtambo hautembei barabarani ilikuwaje ikaeleweka kwa mgodi, na haikuwahi kueleweka kwa mashine ya kusaga?

Mwaka 2017 likaja jingine. Dkt. Philip Mpango, wakati huo Waziri wa Fedha, alifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, ile ambayo trafiki walikuwa wanakusimamisha kuikagua kwenye kioo. Wenye magari tulishangilia. Kufidia pengo, ushuru wa bidhaa ukaongezwa shilingi 40 kwa lita ya petroli, ya dizeli na ya mafuta ya taa. Mafuta ya taa! Kibatari hakijawahi kuwa na leseni ya barabara. Mwenye gari mbili mjini alipunguziwa mzigo, na sehemu ya mzigo huo ikabebwa na mwanafunzi anayesoma kwa koroboi. Najua hoja ya uchakachuaji ilikuwepo hata hapo. Bado haikai vizuri.

Kodi zote hizi zimejificha ndani ya bei. Ya wazee wetu ilionekana, nao waliikimbia: kodi ya kichwa. Walijificha vichakani mgambo wakipita, na wakati wa ukoloni aliyeshindwa kulipa alipelekwa kufanya kazi, mara nyingi ya barabara. Kodi ya maendeleo, mjukuu wa ile ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003, na hakuna anayeililia. Lakini ilikuwa na kitu kimoja ambacho tozo ya mafuta haina: risiti. Mzee alikuwa na kile kikaratasi, amekikunja vizuri sandukuni, na siku ya mkutano angeweza kusimama akakionyesha na kusema, mimi nimelipa, ninyi mmefanya nini? Anayelipa tozo leo hana cha kuonyesha. Ndiyo maana anaamini halipi. Na asiyejua kwamba analipa hadai.

Msidhani tuko peke yetu. Waganda walitunga sheria ya mfuko wao mwaka 2008, ikisema fedha za watumia barabara ziende moja kwa moja kwenye mfuko. Sheria ya mamlaka ya mapato haikurekebishwa ifanane nayo, fedha zikaendelea kupitia Hazina, na mwaka 2024 mfuko wenyewe ukarudishwa wizarani. Wakenya wao wanatoza shilingi 25 za kwao kwa lita tangu Julai 2024, na mwaka uliofuata serikali ikaziweka rehani shilingi 7 kati ya hizo ili ipate fedha za kuwalipa makandarasi waliokuwa wakidai. Maana yake Mkenya atakayejaza tangi miaka kadhaa ijayo atakuwa analipia barabara iliyokwisha kuchakaa. Hata Waingereza walikuwa na mfuko wa barabara, na mwaka 1926 Winston Churchill, akiwa waziri wa fedha, aliuchukulia fedha kwa matumizi mengine ya serikali. Wamarekani walipitisha sheria yao ya barabara kuu mwaka 1956, wakati wa Rais Eisenhower, wakaufungia mfuko wake kwenye kodi ya petroli. Kiwango cha shirikisho kimekwama senti 18.4 kwa galoni tangu 1993, na tangu 2008 mfuko huo unaishi kwa kuchotewa fedha za kawaida za serikali.

Ukiyatazama ya wenzetu, Mfuko wetu haujafanya vibaya. Upo, fedha inaingia, bodi inakaa, kazi inafanyika. Kilichopungua ni mwisho wa mnyororo. Sheria inasema vizuri fedha inaingiaje na inagawanywaje kati ya wakala na wakala. Inanyamaza inapofika kwenye kata. Diwani wa kata huletewa orodha ya barabara zilizopangwa kuchongwa, naye akikaa kwenye Baraza la Madiwani anasikiliza taarifa ya meneja wa TARURA wa wilaya, ambaye hawajibiki kwa baraza hilo kama mhandisi wa halmashauri wa zamani alivyowajibika. TARURA iliundwa kwa nia njema, ili barabara zisipangwe kwa shinikizo la madiwani. Tumeondoa shinikizo, na tumeondoa pia mahali pa mwananchi kuuliza.

Ningependa kuona sheria ikirekebishwa ili kila kata ibandikiwe mara mbili kwa mwaka karatasi moja, kwenye ofisi ya kijiji na zahanati: barabara ipi, kutoka wapi hadi wapi, kilomita ngapi, fedha kutoka fungu lipi, mkandarasi nani, amelipwa kiasi gani, lini. Taarifa hizo tayari ziko kwenye kompyuta za TARURA. Kuzichapa ni gharama ya karatasi.

Na kwa Singida nina la nyongeza. TARURA imekuwa ikijenga madaraja ya mawe, utaratibu uliopata nguvu Kigoma kwa msaada wa Wabelgiji, na umethibitika kuwa nafuu sana kuliko daraja la zege na nondo. Mawe Singida tunayo ya kutosha mpaka tunalima tukiyazunguka. Vijana wa kujenga wapo. Sheria inaruhusu vikundi vya kijamii vipewe kazi ndogo za matengenezo. Kikundi cha vijana wa Kinyangiri kikipewa kilomita zake za mitaro na makalavati kwa mwaka mzima, kitazibua mchanga Novemba kabla ya mvua, kwa sababu kinaishi hapo na kinaona wingu linapojikusanya. Mkandarasi wa mjini hawezi kuliona.

Nimalizie na jambo linalokuja, ambalo wengi tunaliona ni la Dar es Salaam. Bajaji na magari yanayotumia gesi asilia yanaongezeka, na gesi hiyo haikuwa na tozo ya barabara. Juni 2024 serikali ilipendekeza ushuru wa shilingi 382 kwa kilo ya gesi ya magari, kwa hoja kwamba nayo yanachakaza barabara. Ya umeme yanafuata nyuma. Mwenye uwezo wa kubadilisha chombo atabadilisha, kwanza mjini, palipo na vituo vya gesi na umeme usiokatika. Lita zinazotozwa zitapungua, lakini kilomita za kutengeneza hazitapungua, na kila waziri atakayekuja ataona njia rahisi ni kuongeza shilingi nyingine kwa lita. Wa mwisho kuachana na dizeli atakuwa mwenye fuso kuukuu la miaka 30 linalobeba alizeti ya Mkalama, na yule mama ambaye mnunuzi anamkata kwenye gunia. Bunge lina muda wa kuliona hilo kabla halijatokea. Bajeti husomwa Juni, vikao vya kamati huanza mapema zaidi, na maoni ya wananchi hupokelewa kwa maandishi kutoka kata yoyote, Kinyangiri ikiwemo.